Rupia ya zamani haipandi bei kwa kung'arishwa

Imani kwamba rupia ya Mjerumani inapanda bei ikisuguliwa kwa jivu, ndimu au dawa ya meno ni ya muda mrefu, na imeharibu sarafu nyingi nzuri. Wakusanyaji wanataka kinyume chake.

Mng'ao wa kiwandani si usafi. Sarafu inapogongwa kwa muhuri wa chuma, madini husukumwa kuelekea ukingoni na kuacha vijifereji vidogo mno. Hivyo ndivyo vinavyorudisha mwanga. Ukisugua umevikata, na havirudi.

Chukua rupia ya fedha ya kati ya 1904 na 1914, yenye sura ya Wilhelm wa Pili, Kaiza wa Ujerumani, na kofia yake ya ndege tai. Iinamishe polepole chini ya taa moja. Isiyoguswa, mwanga huzunguka juu yake kama mapanga ya feni. Iliyosuguliwa huwaka kote kwa mpigo, na pale patupu mbele ya pua ya Kaiza utaona mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja. Angalia na herufi: uchafu mweusi uliojibana pembeni mwake, huku kwingine kote ni kweupe pe, ni dalili nzito. Shaba nayo, kama pesa za Zanzibar za Seyyid Barghash, ikipitishwa kwenye tindikali hugeuka rangi ya waridi.

Weusi wa fedha, ambao watu wanauogopa bure, huletwa na salfa ya hewani. Kampuni za kupima ubora wa sarafu kama PCGS na NGC za Marekani huandika waziwazi kwamba sarafu imesafishwa, na bei hushuka. Kama ina mafuta, iloweke kwenye asetoni tupu bila kuisugua.