Maji ya vinka na saratani ya damu

Wengi wetu tumesikia kuwa vinka, lile ua la pinki au jeupe la petali tano linalopandwa mbele ya nyumba, likichemshwa na kunywewa hutibu saratani ya damu. Imani hii ina mzizi wa kweli: mmea huo wa asili ya Madagaska ndio uliotupa vinkristini, dawa ya hospitali tangu miaka ya 1960.

Ila kikombe cha majani si dawa hiyo. Gramu moja ya vinkristini huhitaji majani makavu mengi mno. Mgonjwa huipata kwenye mshipa, kwa kawaida isizidi miligramu 2 kwa mara moja, pamoja na dawa nyingine, huku damu ikipimwa. Huzuia seli kugawanyika. Ikizidi, huharibu neva. Maji ya majani hayana kipimo, na yana kemikali nyingine zenye sumu.

Ukisoma kwamba mmea fulani umedumaza seli za saratani au kuziua, tazama kwanza: ni seli za kwenye kisahani cha maabara, panya, au watu? Hata chumvi nyingi huua seli kisahanini. Na kama bibi ameshampa mtoto maji ya vinka kwa mapenzi yake, mwambieni daktari leo, bila kuogopa.