Masaa manne ya bato si masaa manne ya mji

Jumamosi, kabla sijamaliza chai, shemeji yangu wa Goma akapiga simu. Mimi natembeza wageni Bukavu, mji wa Kongo ulio kusini mwa Ziwa Kivu; Goma iko kaskazini. Ana kikundi cha watu 14, wanashuka Bukavu na bato, yaani boti ya abiria, la asubuhi, wanarudi Goma na la alasiri siku ileile. "Shemeji, uko na masaa ine muzima! Ubapitishe tu mbiombio: katedrali, La Botte, soko ya Kadutu, Panzi, Ruzizi. Na muda ikibakia, bagorila."

Muda ikibakia, bagorila! Niliweka simu mezani nikaitazama chai yangu ikipoa.

Simlaumu yeye peke yake. Wanaonipa wageni karibu wote wanaamini kwamba ziara fupi ni ziara ndefu iliyokimbizwa: vitu ni vilevile, dereva anaongeza mwendo na mimi nafupisha maneno. Nimelieleza hili kwa simu, kwa sauti za WhatsApp, hata msibani mara moja. Sasa naliandika, ili siku nyingine nimtumie mtu ukurasa huu niendelee na chai.

Tuanze na hesabu. Saa naandika kwa tarakimu makusudi, sababu mtaiona. Bato linafunga kamba 10:45. Ubao wa kushukia ni mmoja, na kila abiria amebeba mfuko, mtoto, au jeneza la televisheni, ndivyo ninavyoyaita yale maboksi. Halafu kuandikwa majina, kukagua mizigo, choo. Watu 14, choo kimoja. Tukitoka getini ni 11:20, na siku hiyo Mungu ametupenda. Bato la kurudi linaondoka 14:30, lakini mimi nawataka bandarini 13:30, kwa sababu kuna orodha, kuna tiketi, na kuna barabara ninayoijua. Zimebaki saa mbili na dakika kumi. Toa dakika arobaini za kula. Mtu wa Goma aliyeamka usiku ili awahi bato, ukimnyima chakula, hataona katedrali, ataona tumbo lake.

Umebaki na saa moja na nusu. Na kila kituo kinakula dakika kumi hata kama hamjatazama chochote: kushuka garini, mzee mwenye goti, anayenunua uniti za simu, wanaopiga picha na wanaorudia kwa sababu mmoja alifumba macho, kupanda, kuhesabu watu, kumtafuta wa kumi na nne. Vituo vitano alivyonipangia shemeji ni dakika hamsini za kupanda na kushuka, na hapo gari bado halijatembea.

Na gari lenyewe linatembea wapi? Hapa ndipo wanaponiudhi kweli. Kila mtu hupenda kusema kwamba Bukavu ni mkono uliotumbukizwa ziwani, rasi tano kama vidole vitano. Wanaisema, wanatabasamu, wanaweka picha. Hakuna anayejiuliza gari linapitaje mkononi. Kidole hakina njia ya kwenda kwenye kidole kingine ila kupitia kiganja. Ukimaliza ncha ya La Botte ukataka kwenda ncha ya jirani, unayoiona kwa macho ng'ambo ya maji, karibu kiasi cha kumpigia mtu mluzi, lazima urudi ulikotoka, ukutane na mji mzima pale katikati, Nyawera, barabara ya Lumumba, Place de l'Indépendance, kisha ushuke upya. Na mji mzima nao uko hapo unafanya vilevile, pamoja na pikipiki, lori la bia na mama mwenye beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kichwani ambaye ana haki ya kupita kuliko sisi sote. Ramani inaonyesha kilomita mbili. Nimewahi kuzimaliza kwa dakika saba, nimewahi kuzimaliza kwa dakika hamsini, saa ileile ya siku. Ndiyo maana sipimi kwa kilomita. Naulizia: tutaingia vidole vingapi? Jibu langu ni kimoja. Nikiwa na dereva ninayemwamini na mvua haijanyesha, kimoja na nusu.

Kadutu iko upande wa pili, juu mlimani. Panzi ni mbali zaidi, kusini. Magorila wa Kahuzi-Biega wanaanzia Tshivanga, kilomita kama thelathini nje ya mji, na ukifika unatembea msituni kuwafuata walipo leo, maana gorila hasubiri bato. Hilo limekwisha.

Wenzetu wa Mombasa na Zanzibar wanaopokea meli kubwa za kitalii wanaijua kazi hii kuliko sisi. Huko abiria anatakiwa awe ameshapanda kabla ya saa ya kuondoka. Aliyenunua ziara ya meli yenyewe, akichelewa na kikundi, kwa kawaida meli humngoja. Aliyejitafutia gari mjini huikuta imeng'oa nanga. Kwetu hakuna tofauti hiyo. Bato halimngoji mtu, awe amekuja na mimi au na babu yake. Na likiondoka, hakuna bandari ya mbele ya kulifukuzia. Kuna Goma tu, na usiku unaingia.

Sasa saa. Mgeni wa Kinshasa ndiye mgonjwa wangu wa kudumu. Nchi ni moja, lakini Bukavu na Goma tuko mbele ya Kinshasa kwa saa nzima. Watu wanadhani hatari ni mtandao wa simu wa Rwanda unaoingia kwenye simu ukikaribia Ruzizi, mto wa mpakani. Hapana! Rwanda na sisi tunatumia saa moja. Anayetudanganya ni ndugu yetu wa mji mkuu, mwenye saa ya mkononi ambayo hajaigusa tangu Ndjili, uwanja wa ndege wa kwao. Nilikuwa na mmoja, mtu mpole, amekaa mbele ya samaki wake wa kukaanga, anajua ni 12:30. Ilikuwa 13:30. Nilimwambia twende, akanionyesha saa yake, ya dhahabu, akaniambia, "Papa, tulia." Nikatulia dakika tano nikidhani ameelewa. Yeye alilala Bukavu, na mimi nililala nikisikia maneno ya mke wake kwenye simu.

Ongeza hapo saa zetu za Kiswahili. Ukimwambia anayefikiri kwa Kifaransa "saa saba na nusu", yeye anasikia asubuhi. Ukimwambia "saa nne", hajui unataja wakati au urefu wa wakati. Kwa hiyo wakishuka tu nampa kila mmoja kipande cha karatasi kilichoandikwa 13:30, kwa kalamu nyekundu. Wananicheka. Wacheke.

Basi nawapeleka wapi? Mahali patatu, na chakula ndicho kimojawapo.

Katedrali tunaanza nayo kwa sababu iko njiani na gari linageuka bila taabu. Ni sababu ya dereva kuliko ya historia, sioni aibu. Hapo nasema kwa ufupi: mji huu Wabelgiji waliuita Costermansville mpaka miaka ya 1950; jina Bukavu linatoka kwenye Mashi, lugha ya wenyeji, kwenye ng'ombe, mahali pa kufugia. Mwaka 1964 Kanali Mulamba aliulinda dhidi ya waasi wa Simba, na mwaka 1967 mamluki wa Mbelgiji Schramme waliukalia kuanzia Agosti mpaka Novemba. Majumba yenye kona za mviringo ni ya nyakati za ukoloni, na waliobeba matofali hawakuwa Wabelgiji. Dakika nane. Ukitaka zaidi, lala.

Kituo cha pili ndicho ziara yenyewe. Ni mwinuko upande wa Nguba, mahali halisi sitapaandika, kuna familia inaishi jirani na imenivumilia kwa miaka mingi. Pale nasimama na watu wangu dakika thelathini bila kusogea, na ndipo shemeji anapodhani napoteza muda. Nawauliza swali moja: Ruzizi inaingia ziwani au inatoka?

Kumi kati ya kumi na wanne husema inaingia. Mto huingia ziwani, ndivyo tulivyofundishwa, na hata watu waliozaliwa Bukavu wameapa mbele yangu. Ruzizi inatoka. Bukavu ndiyo mdomo wa chupa. Zamani sana maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, mpaka volkano za Virunga ziliposimama na kuziba njia, ziwa likajaa nyuma yake, likapanda, likamwagika huku kusini. Milima mliyoiacha asubuhi mgongoni kwenu, nawaambia, ndiyo kizibo. Mmesafiri kutoka kwenye kizibo mpaka kwenye mdomo, na maji yamesafiri pamoja nanyi. Hapa tuko mita 1,460 hivi juu ya bahari. Tanganyika iko karibu mita 770. Ruzizi inashuka tofauti yote hiyo kwa kilomita 120 hivi, ndiyo maana walijenga bwawa la umeme hapo chini mwishoni mwa miaka ya 1950. Kutoka Tanganyika maji yanatoka kwa mto Lukuga, yanaingia mto Kongo, yanaishia Atlantiki. Mgeni wa Kinshasa hapo huvua miwani. Maji anayoyaona kule kwao yamechanganyika na haya.

Nikishamaliza maji naingiza samaki, kwa sababu njaa imeanza. Sambaza wanaodhaniwa kuwa ni wa asili hapa waliletwa na binadamu kutoka Tanganyika, mwishoni mwa miaka ileile ya 1950. Wenyewe wasingepanda makorongo ya Ruzizi. Maji yanashuka kwa miguu yake, samaki walipanda kwa kubebwa. Halafu tunakwenda kuwala, na ugali, mezani tukiona mitumbwi mitatumitatu iliyofungwa kwa miti mirefu, ile ya kuvulia usiku kwa taa. Hapo huwa nimenyamaza. Wanaulizana wenyewe kwa wenyewe.

Picha: bandarini, mpakani, darajani na kwa askari, hapana. Usiniulize kwa nini, ficha simu.

Panzi sipeleki mtu. Wanaponiomba hutaja Daktari Mukwege wa hapo na Nobeli yake ya 2018, na nawaelewa, ni fahari yetu. Lakini Panzi ni hospitali. Wanaolala pale hawakuja kutazamwa na watu wenye bato la 14:30. Ukitaka kusaidia kuna njia, na hakuna hata moja inayohitaji uchungulie dirishani. Kuhusu hili sina utani.

Kadutu nilikuwa napeleka. Niliacha kupeleka vikundi vinavyozidi watu sita siku mama mmoja wa nyanya alipouliza, bila hasira, kama tumekuja kununua au kuhesabu. Sikuwa na jibu zuri. Mpaka leo nikipita hapo natazama upande mwingine.

Gesi ya ziwa nayo. Wataiuliza tu: ni kweli ziwa linaweza kulipuka? Chini kabisa kuna kilomita za ujazo kama 60 za methane na kama 300 za kaboni dioksidi, zimekandamizwa na uzito wa maji, na Rwanda wanavuta methane hiyo kuzalisha umeme. Ziwa Nyos la Kamerun lilitoa gesi yake mwaka 1986, likaua watu wapatao 1,700. Ni mambo ya kweli, na mgeni ana haki ya kuyajua. Kosa langu lilikuwa kuyaeleza vizuri kupita kiasi, bandarini, zikiwa zimebaki dakika arobaini. Mama mmoja aliweka mfuko chini akasema hapandi. Tulimbembeleza mimi, dereva na mchungaji aliyekuwa akisafiri. Alipanda akiwa amefumba macho. Tangu siku hiyo gesi inaelezwa kabla ya sambaza.

Lipo ambalo bado linanisumbua. Tukiwa katedrali, nitamke kwamba Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa katika mji huu tarehe 29 Oktoba 1996? Kuna siku nasema, watu wananyamaza na ziara haifufuki tena. Kuna siku naruka, nazungumzia madirisha, kisha garini najisikia mwongo. Mwaka 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, wageni walikauka na swali likakauka pamoja nao. Wamerudi wachache, na swali limerudi nao. Dakika nane hazitoshi kwa mfu, wala kumruka si heshima. Nachagua kwa kutazama nyuso, na najua mara nyingine nazisoma vibaya.

Wale 14 walifika bandarini 13:34. Shemeji alipiga simu jioni. "Umebaonyesha ngapi?"

"Tatu."

"Tatu tu!" Akakaa kimya, kisha akasema kwamba wageni wanamuuliza Lukuga iko wapi, na wiki ijayo ana wengine 22. Nimemwambia nitahitaji magari mawili, kalamu nyingine nyekundu, na vyoo viwili.