Mita haisomi upepo jamani, nendeni mkaangalie choo

Wiki hii peke yake nimeambiwa mara nne. "Fundi, hii mita inasoma upepo." Yaani bili ya maji imepanda eti kwa sababu mita inahesabu hewa. Mara nne! Wa nne ni mama mmoja wa Tabata, nilienda kwake kufunga sinki tu, akanitolea bili kabatini kama anatoa hati ya kiwanja, uniti 24 (uniti moja ya maji ni lita 1,000) nyumba ya watu watatu, afu ananiambia ashaenda ofisi ya maji kugombana na Jumatatu anarudi tena. Nikamuuliza, mama, ulishawahi kufunga koki zote ukaiangalia mita? Akanitazama kama nimemtukana.

Basi tukatoka wote hadi kwenye mita. Ukifunua kifuniko utaona kuna kinyota kidogo katikati, mita zingine ni kapembetatu, hako ndo kanaonyesha kama maji yanapita hata yakiwa kidogo sana. Koki zote zimefungwa, mashine ya kufulia imezimwa, hakuna mtu chooni, na kinyota kinazunguka taratiiibu kama bibi anapanda ngazi. Nikashika simu nikaweka saa, lita moja ikaisha kwa dakika 4. Yaani robo lita kwa dakika, kikombe cha chai. Mama akasema "si umeona, upepo huo". Hapana mama. Maji yalikuwa yanatoka tangu asubuhi, bomba limejaa, upepo unatokea wapi?

Tukaingia chooni. Nikamwaga juisi ya unga nyekundu kwenye tenki la fulashi, nikamwambia tukae robo saa mtu asifulashi. Tuliporudi bakuli lote jekundu. Raba ya chini imekakamaa haikai vizuri, maji yanateremka bila hata sauti, na boya linafungua mengine yaingie, hivyo hivyo usiku na mchana. Piga hesabu sasa, kikombe kimoja kila dakika ni lita 360 kwa siku, ndoo 18 zile kubwa za lita 20, mwezi ukiisha ni uniti karibu 11. Ungekuwa unamwaga ndoo 18 uani kila siku majirani wangeshakuitia mjumbe, ila chooni yanapita kimya kimya na lawama anabeba upepo.

Raba ni elfu chache tu hardware. Bili imeshuka nusu na bado ananiambia huenda "walirekebisha mita kimya kimya". Nimemwacha.

Sasa sitaki kuwadanganya, upepo kwenye bomba upo. Kukiwa na mgao bomba linabaki tupu, maji yakirudi yanausukuma upepo mbele na ukipitia kwenye mita yako ni kweli mshale utakimbia. Ila kiasi gani? Bomba la mtaani la inchi 3 lenye urefu wa mita 200 likiwa tupu kabisa linabeba kama lita 900 za upepo, hiyo haijafika uniti moja, na mnagawana mtaa mzima. Kama uko mwisho wa laini au juu mlimani na ni wewe tu umeacha wazi, sawa, unaweza kuumia kidogo kila mgao, hapo sikatai. Dawa yake ni rahisi na huwa nawaambia wateja wote hadi wananichoka: maji yakikatika funga koki ya kuingilia, yakirudi subiri dakika kumi ndo ufungue. Upepo haupiti pasipo na njia. Wengi wenu simtanki iko tupu, boya limening'inia, njia iko wazi saa 24, afu mnashangaa.

Na hapohapo kwenye simtanki kuna ugonjwa mwingine. Maji yanakuja saa nane usiku, boya bovu, tanki linafurika, na fundi aliyejenga (sio mimi) bomba la kufurikia kalielekeza kwenye mtaro ili nyumba ionekane safi. Nani atajua? Hilo bomba lielekeze dirishani kwa mwenye nyumba, atashtuka mwenyewe.

Kuna wanaonijibu "mbona barabarani yanamwagika wiki nzima hawatengenezi, mi nihangaike na choo?" Ni kweli yanamwagika, maji yanayosafishwa na kupotea kabla ya kulipiwa mijini kwetu ni mengi mno na hilo ni jukumu la mamlaka ya maji, lakini kabla ya mita ni yao na baada ya mita ni yako, na yote yanatoka mto uleule wa Ruvu. Mtambo wa Ruvu Chini unazalisha lita milioni 270 kwa siku, wa Ruvu Juu 196, jumla 466 kwa Dar na Pwani ya karibu. Mwishoni mwa Oktoba 2022 mto ulipopungua uzalishaji ukashuka hadi milioni 300, mnakumbuka tulivyokimbizana na maboza. Bwawa la Kidunda kule Morogoro, la lita bilioni 190, linajengwa ili kiangazi kama kile mto usikatike, sio ili raba za vyoo zipumzike. Afu hayo maji hayaji yenyewe, yanasukumwa kwa pampu za umeme, ya Ruvu Juu kutoka Mlandizi hadi matenki ya Kibamba na Kimara, kwa iyo kila ndoo inayopotea chooni kwako imeshakula umeme njiani. Ndo mana umeme ukizingua Mlandizi na bomba lako linakohoa.

Mengine mnayoniambia, ya umeme na visima, nayapitia haraka, nina kazi Segerea saa nane.

"Bwawa la umeme la Nyerere limekamilika, mbona kwetu umeme unakatika?" Bwawa ni kuzalisha, mashine 9 za megawati 235, jumla 2,115. Transfoma ya mtaani kwako iliyofungwa kukiwa na nyumba 20 na sasa ziko 80 zenye AC, hiyo bwawa halitaigusa. Ni mambo mawili tofauti kabisa.

"LUKU ukinunua mwanzo wa mwezi unapata uniti nyingi." Kinyume chake, manunuzi ya kwanza ya mwezi ndo yanakatwa kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Ukinunua mara ya pili unaona zimeongezeka unadhani umebahatika.

"Kupikia umeme ni kwa matajiri." Maharage kwenye presha kuka ya umeme hayamalizi uniti moja, na uniti kwa tarifu ya kawaida ni sh 292, ukiweka na kodi inakaribia 360. Nenda ukaulize kopo la mkaa la kuchemshia maharage yaleyale. Jiko la koili lililo wazi ndo mla umeme, hilo nakubali.

"Nimechimba kisima, maji ya bure." Pampu inatumia nini, mate? Na ukiwa karibu na bahari ukivuta sana maji ya chumvi yanasogea, yakishaingia kisimani hayatoki kwa maombi. Kapime kwanza, na angalia jirani yako shimo la choo kalichimba wapi.

Anayetaka kubishana na mimi kuhusu upepo aje na picha mbili za mita, moja ya usiku kabla ya kulala na moja ya alfajiri kabla mtu hajaenda chooni.