Mwenye kisukari kwenye meza za Disney World: yanayosemwa na ukweli wake

Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga, wajukuu walikuwa wameshampangia safari ya Disney World, bustani za michezo na burudani kule Orlando, Florida, hata kabla hajapumzika. Swali lake lilikuwa moja tu: "Huko mimi nitakula nini?" Ana kisukari aina ya pili, mwaka wa kumi na mbili sasa. Anameza metformin na anadunga insulini ya mchanganyiko, ya kasi na ya polepole pamoja, asubuhi na jioni. Ndugu walikuwa wamekwisha kumjaza maneno: huko ni sukari mtindo mmoja, shinda na njaa ule jioni, dawa utanyang'anywa getini.

Tumekwenda mara mbili, siku nne kila safari. Wengi wetu tunaoishi Marekani tunawapeleka wazazi Orlando, na maneno hayo hayo nayasikia kila likizo. Mengine yanamnyima mzee raha bure. Mengine yanaweza kumfikisha hospitali.

"Huko hakuna cha kula ila keki na aiskrimu"

Aiskrimu, churro na bisi za sukari zipo kila kona, hilo halina ubishi. Lakini Disney World ni bustani nne pamoja na hoteli nyingi, na mikahawa ni mingi mno kuihukumu kwa vibanda vya njiani. Mama alituliza moyo Animal Kingdom, bustani iliyofunguliwa mwaka 1998. Upande wake wa Afrika una kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe, na waliokijenga walichukua mfano wa Lamu. Hoteli ya jirani, Animal Kingdom Lodge, ina mikahawa inayoitwa Boma, Jiko na Sanaa. Majina ni yetu. Chakula chenyewe ni mseto wa pande nyingi za Afrika, na Sanaa inaelekea zaidi Uhindini.

Boma ni bafe, na watu husema bafe ni mtego kwa mwenye kisukari. Kwetu imekuwa kinyume chake, mradi uizunguke kwanza mikono mitupu. Unaona nyama za kuokwa ziko wapi, supu, saladi, na wanga umejificha kwenye vyungu vipi. Ndipo unapakua: nusu ya sahani mboga, robo nyama au samaki, robo wali au viazi au mkate. Ni mbinu ile ile ya sahani inayofundishwa kliniki za kisukari. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina takriban gramu 45 za wanga, na sisi tuliolelewa kwa sinia tunapakua vikombe viwili bila kujijua. Kitamu cha mwisho hakijakatazwa. Mama alichukua kimoja kidogo, akaacha mkate.

Sanaa inasifiwa sana kwa sahani yake ya mikate ya aina mbalimbali na achari zake. Ni tamu kweli, lakini ni wanga juu ya wanga, kwa hiyo agizeni moja mgawane meza nzima. Lile paja kubwa la bata mzinga wanalotembea nalo watu bustanini, wanga wake ni mdogo sana, ila chumvi yake ni nyingi. Mwenye kisukari na presha kwa pamoja, kama walivyo wazee wetu wengi, asilimalize peke yake.

Usitegemee kukuta gramu za wanga kwenye menyu. Sheria ya Marekani inayotaka kalori ziandikwe, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inahusu mikahawa yenye matawi 20 au zaidi ya jina moja, na mkahawa wa bustani mara nyingi ni wa pekee. Muulize mhudumu au mpishi, na uombe sosi iletwe pembeni. Sosi za nyama choma za Kimarekani zina sukari nyingi kuliko mtu wa pwani anavyoweza kudhani. Nyama yetu tumeizoea na ndimu, chumvi na pilipili.

"Dunga sindano mapema, mkahawa mmeshaubuku"

Hapa ndipo tulipokosea sisi wenyewe, na sitasahau.

Insulini ya mchanganyiko aliyozoea Mama hudungwa kama nusu saa kabla ya kula. Meza yetu ilikuwa ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Nikapiga hesabu nikamwambia, "Mama, dunga sasa," tukiwa ndani ya basi saa kumi na mbili kamili. Tulipofika, meza haikuwa tayari. Dakika ishirini zikawa arobaini. Tukaketi, tukasubiri vinywaji, watoto wakagombania viti. Mara nikamwona Mama anafuta jasho, na ndani kulikuwa na baridi ya kiyoyozi. Nikamuuliza kitu akanijibu jambo lingine kabisa. Nilipompima, mashine ilisoma 58 kwa vipimo vya Marekani: sukari ilikuwa imeshuka mno.

Saa mliyobuku ni saa ya kufika mlangoni, na kati ya mlango na sahani pana safari. Baada ya siku ile tulimpigia daktari wake, naye akatupa utaratibu wa siku za mizunguko: chakula kionekane kwanza. Kwenye bafe, Mama huketi, sahani huletwa mezani, ndipo adunge. Wanaotumia insulini ya kasi, ile inayodungwa kama dakika 15 kabla ya mlo, wana mwanya mdogo zaidi, na kwao pia ni salama kusubiri mpaka waione sahani. Sukari ikipanda kidogo kwa kuchelewa kudunga inarekebishika. Mzee akizimia katikati ya umati ni msiba wa aina nyingine.

Tahadhari hii ianze nyumbani. Kabla ya safari nenda kwa daktari na ratiba mkononi, umwambie mtatembea siku nzima. Huenda akapunguza dozi. Usiipunguze kwa kukisia.

"Ruka chakula cha mchana, ubaki na nafasi ya jioni"

Mtu anayesema hivi anahesabu sukari inayoingia tu, anasahau inayotumika. Siku moja Disney ni kilomita kumi na zaidi kwa miguu, juani, na misuli inayofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu. Dawa nayo hailali. Ile insulini ya mchanganyiko ina sehemu inayofanya kazi polepole, na nguvu yake hufika kileleni kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili baada ya kudunga. Maana yake sindano ya asubuhi inakutafuta mchana, ukiwa kwenye foleni. Vidonge kama glibenclamide, gliclazide na glimepiride navyo hushusha sukari hata usipokula. Metformin peke yake ni nadra kufanya hivyo.

Kwa hiyo mchana huliwa, hata kama ni kidogo. Na mkobani kuna kitu cha kuipandisha sukari ikishuka. Sukari ikiwa chini ya 70 kwa vipimo vya Marekani, ambayo ni 3.9 kwa vipimo vyetu, chukua gramu 15 za sukari inayoingia haraka, subiri dakika 15, upime tena. Gramu 15 ni nusu kikombe cha juisi au cha soda ya kawaida, au vidonge vinne vya glukosi, vile vya gramu 4 kimoja. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikishapanda, kula kitu cha kushiba kama mlo uko mbali.

Wengi hubeba chokoleti kwa kazi hii, na ni kosa. Mafuta yake huichelewesha sukari kuingia kwenye damu, na kwa joto la Florida utaikuta imekuwa uji mfukoni. Tena kama mtu amepoteza fahamu, usimmiminie chochote mdomoni. Piga 911, namba ya dharura ya Marekani, na ukiwa bustanini mwite mfanyakazi aliye karibu.

"Maadamu wameandika haina sukari, kunywa na kula"

Kisicho na sukari huweza kuwa na wanga tele. Biskuti "isiyo na sukari" imetengenezwa kwa unga. Baadhi ya vitamu hivyo vina maltitol au sorbitol, yaani vitu vya kutia utamu badala ya sukari, ambavyo ukizidisha huendesha tumbo, na hilo si jambo la kutafuta kwenye foleni ya saa nzima. Dole Whip, ile aiskrimu ya nanasi inayopendwa sana huko, watu huniambia ni salama kwa sababu ni tunda. Ina sukari, kama ilivyo juisi ya matunda. Onja, ihesabu kama wanga wako wa wakati huo.

Kinachoniumiza zaidi ni soda. Kopo moja la mililita 355 la Coca-Cola lina gramu 39 za sukari, na gilasi za huko ni kubwa kuliko kopo. Maji ya barafu hutolewa bure kwenye mikahawa ya haraka inayouza vinywaji vya mashine. Omba tu. Na yanywe hata kama huna kiu, kwa sababu mwili ukikauka sukari kwenye damu huzidi kukolea.

"Getini watachukua chakula na dawa"

Disney World inaruhusu uingie na chakula chako, mradi hakihitaji kupashwa moto, hakimo kwenye chombo cha glasi, na hakuna pombe. Sisi huingia na karanga, mayai ya kuchemsha, matango na chapati moja iliyokatwa. Barafu ya kumwaga hairuhusiwi, tumia zile pakiti za kugandisha. Sindano na dawa hupita bila tatizo. Kila bustani ina kituo cha huduma ya kwanza, na hapo wanaweza kukuhifadhia dawa kwenye baridi. Bustani za kampuni nyingine zina masharti yao, na baadhi ni makali zaidi kuhusu mikoba ya baridi, kwa hiyo soma kabla ya kwenda.

"Insulini izamishe kwenye barafu"

Insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Joto nalo huiua. Nyingi zikishafunguliwa hazitakiwi kupita nyuzi 30, na Orlando mwezi wa Julai hufika 33 kivulini. Ndani ya gari lililoegeshwa ni tanuri.

Nyumbani Tanga, zamani Mama aliihifadhi kwenye chungu cha udongo kilicholowa, na ni njia ya akili: maji yanapokauka yanaondoka na joto. Kuna mifuko ya dukani inayofanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, unailoweka tu. Lakini pale hewa inapojaa unyevu, kama Florida miezi ya joto, maji hayakauki upesi na ubaridi unapungua. Sisi huifunga kalamu ya insulini kwenye taulo ndogo, ndipo tunaiweka karibu na pakiti ya baridi, zisigusane. Ujue pia kwamba mwili ukiwa na joto, insulini huingia kwenye damu haraka zaidi. Ni sababu nyingine ya kuwa na sahani mbele yako kabla ya sindano.

"Namba ni namba"

Siku ya kwanza Mama aliazima mashine yangu, ikasoma 126. Akashika kichwa. Tanzania na Kenya tunapima kwa milimoli, Marekani wanapima kwa miligramu, na 126 yao ni 7 yetu. Zidisha yetu kwa 18 upate yao. Hofu ya Mama iliisha kwa dakika moja, lakini kosa la upande wa pili lingekuwa baya: mgeni akimwambia muuguzi wa Orlando "sukari yangu ni 15", atadhaniwa anakufa kwa kushuka, wakati 15 yetu ni 270.

Majina ya dawa nayo hubadilika. Glibenclamide huko huitwa glyburide. Gliclazide haiuzwi kabisa Marekani, na muuguzi anaweza asiitambue. Andika jina la dawa, dozi na saa kwenye karatasi, ukae nayo.

"Jioni ilikuwa sawa, lala salama"

Misuli iliyotembea siku nzima huendelea kuvuta sukari usiku, wakati mwingine hadi saa 24 baadaye. Kwa upande mwingine, mlo wa mafuta mengi kama piza huweza kuipandisha sukari saa kadhaa baada ya kula, hata kama kipimo cha mara ya kwanza kilikuwa kizuri. Kipimo kimoja cha jioni hakikwambii usiku utakuwaje.

Daktari wa Mama alimwambia kwamba siku za kutembea, sukari ikiwa chini ya 100 kwa vipimo vya Marekani wakati wa kulala, ale kidogo kwanza. Basi hotelini, watoto wakishalala, Mama hupima, kisha hukaa ukingoni mwa kitanda na kipande cha mkate na siagi ya karanga. Juisi ndogo inabaki mezani, upande wa mkono wake wa kulia, na mimi naweka kengele ya simu saa tisa usiku ili nimpime tena bila kumwamsha sana.