Matterhorn: kichwa Afrika, miguu baharini

Kila nikiwaonyesha wanafunzi picha ya Matterhorn, mmoja lazima aulize: "Mwalimu, hiyo ni volkano?" Simlaumu. Tuliokua tukiitazama Kilimanjaro tumezoea kwamba mlima uliojitenga namna ile umezaliwa na moto. Matterhorn, mita 4,478, mpakani mwa Uswisi na Italia, ulizaliwa na msukumano.

Ukipanda kutoka kiziwa cha Schwarzsee, juu ya mji wa Zermatt upande wa Uswisi, kuelekea ukingo wa Hörnli, utakanyaga mawe ya kijani. Nimeokota moja, nikalisugua kwa dole gumba: linateleza kama sabuni iliyoloa. Hayo ni mabaki ya sakafu ya bahari ya Tethys, iliyotenganisha Ulaya na Afrika. Panda zaidi, mwamba unageuka gneisi, jiwe lililopikwa na kukandamizwa ardhini, la kijivu lenye michirizi, na huo asili yake ni ng'ambo ya bahari hiyo, kwenye bamba la Adria, kipande cha gamba la dunia, lililochomoza kama rasi ya Afrika. Mabara yalipokaribiana, bahari ilifinywa na ukingo wa Adria ukapandishwa juu yake, kama mkeka uliosukumwa ukalalia mwenzake. Ndiyo maana husemwa kilele kile ni cha Afrika. Mimi huongeza "kwa namna fulani", maana wapo wenzangu wanaoihesabu Adria bamba la peke yake.

Ncha yenyewe ni kazi ya barafu. Mito ya barafu iliukwangua mlima pande zote, kila mmoja ukila ukuta wake, hadi zikabaki nyuso nne na kingo nne kali. Mtoto anayechonga penseli kwa wembe ataelewa haraka.

Mpanda milima Mwingereza Edward Whymper alishindwa kuupanda mara kadhaa upande wa Italia. Matabaka ya mwamba yameinamia huko, kwa hiyo vipandio vyake vinamwaga mguu nje. Upande wa Zermatt vinauegemeza ndani, kama ngazi. Alipohamia huko alifika kileleni, tarehe 14 Julai 1865. Walipanda saba, wanne wakafa wakishuka.

Ngazi hiyo lakini imeshikwa na barafu iliyojificha nyufani, ndiyo saruji yake. Katika joto la Julai 2003 ikalegea, sehemu ya ukingo wa Hörnli ikaporomoka, na wapandaji waliokwama juu wakachukuliwa kwa helikopta.