Kikombe cha Kahawa Kwenye Dashibodi Hakikuamshi

"Fundi, nizimie hiki kikombe, kinanipigia kelele." Hiyo nimeizoea: ni ile alama ya kikombe cha kahawa inayowaka kwenye dashibodi gari likihisi dereva amechoka. Iliyonichosha ni ya juzi: jamaa ana Benzi, anaondoka Dar saa nne usiku kwenda Mbeya, na amemwacha dereva wa pili kwa sababu gari lake "lina kifaa cha usingizi". Nikisinzia litaniamsha, anasema.

Halikuamshi, kaka. Mfumo ule ulioingia kwenye Mercedes mwaka 2009 haukutazami hata macho. Unasoma usukani. Mwanzo wa safari unajifunza mkono wako, kisha unasubiri dalili ya mtu aliyechoka: usukani unatulia kidogo, halafu unarudishwa ghafla. Ndipo kikombe kinawaka. Yaani kinakuambia umeshachoka, basi. Na toleo lile la kwanza hufanya kazi kati ya kilomita 80 na 180 kwa saa. Chini ya hapo liko likizo. Sasa nihesabie: Dar hadi Chalinze, vibao vya 50, matuta, foleni ya malori, hiyo 80 utaishika wapi? Mlima Kitonga unapanda nyuma ya semi inayojikokota, usiku wa manane, ndio usingizi wenyewe unakuja, na kifaa hakina habari na wewe.

Mifumo yenye kamera ni afadhali, maana inahesabu kope zimefumba kiasi gani. Lakini mpaka ilie, kope zimeshafumba. Kwa mwendo wa 80, sekunde tatu ni kama mita 67 ambazo gari limekwenda bila dereva.

Halafu mtu akisikia mlio anafanya nini? Anashusha kioo, anaongeza redio, anatafuna karanga. Nimesema mpaka basi: ingia kituo cha mafuta chenye taa, kunywa kahawa, lala papo hapo dakika 20. Kahawa inaanza kukolea wakati unaamka. Mimi ndivyo ninavyofanya, na ninakwenda Iringa kila mwezi.

Mengine ni madogo. Miwani nyeusi haiifichi kamera macho yako. Kamera inatumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, unaopita kwenye lenzi nyingi za jua, na gizani inaona vilevile. Kuna aliyebandika chingamu kwenye kamera ya gari lililotoka Japani, taa ya hitilafu ikawaka, akaniletea nipime "umeme". Nilimtoza hela ya kubandua chingamu.

Wengine wanaogopa picha zinakwenda kwa trafiki. Kamera ya kiwandani haina kazi hiyo. Umoja wa Ulaya, uliolazimisha onyo la usingizi kwenye magari yote mapya tangu Julai 2024, umetaka data hizo zibaki ndani ya gari na mtu wa nje asizipate. Kamera ambazo makampuni yanafunga kwenye malori ni habari nyingine. Hizo bosi anakuona kweli.

Na hapana, kamera hainusi pombe. Kinachopima pombe ni kile kifaa cha kupuliza kilichounganishwa na swichi. Ukizidisha, gari haliwaki. Mlevi aliyekodoa macho anaweza kuipita kamera bila shida.

Yule wa Mbeya nimemrudishia ufunguo saa kumi jioni, pamoja na namba ya dereva ninayemwamini.