Kabla ya kulaumu jua, chimbua mche uangalie mizizi

Wakulima wa uwanda wa Ruzizi, wale wanaopandisha nyanya hadi soko la Kadutu, hutufikia hapa Bukavu na lalamiko moja: mche unanyauka mchana, jioni unainuka, kesho unanyauka tena, na maji yapo.

Chimbua mche mmoja kwa jembe. Ukiuvuta kwa mkono, mizizi myembamba itabaki ardhini. Uoshe kwenye ndoo. Mizizi ikiwa imevimba mafundomafundo kama tangawizi, hao ni minyoo fundo (Meloidogyne), wadogo hata jicho haliwaoni. Jike mmoja hutaga mayai mamia, na kwenye joto la Ruzizi kizazi kipya hukomaa kwa wiki 3 au 4 hivi.

Kwenye maharagwe, angalia vizuri. Vinundu vinavyobanduka kwa ukucha, ndani vina rangi ya waridi, ni vya rizobia, bakteria wanaoupa mmea nitrojeni. Waache! Fundo la mnyoo halibanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba.

Bakteria wema wengine hupambana na minyoo hiyo. Bacillus hutanda juu ya mzizi na kula utamu unaovuja humo. Baadhi ya aina zake hutoa kemikali zinazodhuru mayai na minyoo michanga, nyingine huamsha kinga ya mmea. Anayenishangaza zaidi ni Pasteuria penetrans. Chembe zake hung'ang'ania ngozi ya mnyoo mchanga kama kishonanguo kwenye suruali, wanaingia wote mzizini, na mnyoo akiwa jike hujaa chembe za bakteria, kama milioni 2, mahali pa mayai. Ila kumzalisha Pasteuria kwa wingi ni kazi ngumu. Bacillus ni rahisi zaidi: hustahimili ukavu, hukaa kwenye pakiti.

Mnyoo akishazama ndani ya mzizi, Bacillus wa kumwagiwa juu hamfikii sana. Basi mpe mche Bacillus tangu kitaluni, au chovya mizizi kwenye maji yenye Bacillus kabla ya kupandikiza, jioni, udongo ukiwa na unyevu. Usichanganye na dawa ya shaba kwenye bomba moja. Na pakiti iliyoanikwa juani dukani, mimi siinunui.

Shamba lililojaa mafundo msimu uliopita lisirudiwe na nyanya, biringanya wala dongodongo (bamia). Mizizi ya zamani ing'olewe ichomwe. Bakteria peke yao hawatamaliza minyoo wote.

Ukijaribu, acha mistari miwili bila bakteria. Siku ya mavuno chimbua miche michache kila upande, ioshe, linganisha mizizi.